Mnara Usio na Kiwanja

Mwezi Juni 2021, Mahakama ya Haki za Binadamu ya Nchi za Amerika, ambayo makao yake yako San José, Costa Rica, ilitoa amri ya dharura kwa serikali ya Brazil. Amri za aina hiyo huwa ni za kuokoa roho: shahidi anatishiwa, mfungwa ananyimwa dawa, kijiji kimezingirwa na watu wenye bunduki, na majaji hawawezi kungoja siku ya hukumu. Safari hii aliyehitaji kuokolewa hakuwa mtu. Ulikuwa mnara wa zege uliosimama kando ya barabara kuu katika mji wa Campo Largo, jimbo la Paraná, kusini mwa Brazil. Majaji walitaka mnara huo ulindwe pale pale ulipo mpaka kesi iliyokuwa mbele yao iishe.

Aliyetaka uondoke ni mwenye kiwanja. Mnara ulijengwa mwaka 2001 kwenye eneo ambalo ni mali ya mtu binafsi, na kampuni iliyokuwa na hati ya eneo hilo ilitaka kiwanja chake kiwe wazi. Ukilitazama jambo hili kwa jicho la karani wa ardhi, halina ugumu wowote. Hati ipo, mipaka ipo, na ndani ya mipaka kuna kitu ambacho mwenye hati hakukiweka. Lakini mnara wenyewe umejengwa kwa ajili ya mtu aliyeuawa akiwa njiani kudai kwamba hati peke yake haitoshi, kwamba ardhi ina wajibu kwa wanaoilima na kwa wanaokula kinachotoka humo. Ndiyo maana habari yake imenikaa moyoni kuliko za minara mingine yote ya wakulima niliyopata kusoma. Mnara wa wasio na ardhi ulijikuta na shauri lile lile la watu uliowekwa kuwakumbuka.

Barabara yenyewe inaitwa BR-277. Inaanzia bandari ya Paranaguá kwenye Bahari ya Atlantiki, inapanda milima hadi Curitiba, mji mkuu wa jimbo, kisha inaikata Paraná nzima kuelekea magharibi mpaka Foz do Iguaçu, mpakani na Paraguay na Argentina. Soya ya Paraná hushuka kwa njia hii. Wakati wa mavuno malori hufuatana kuelekea bandarini kama siafu. Campo Largo iko magharibi ya Curitiba, karibu kabisa, na mkulima wa magharibi anayetumia barabara hii kwenda makao makuu ya jimbo hana budi kupita hapo.

Tarehe 2 Mei 2000 wakulima walikuwa wakipita hapo kwa mabasi. Walikuwa wanachama wa Harakati ya Wafanyakazi wa Vijijini Wasio na Ardhi, ambayo Brazil nzima huiita kwa herufi tatu tu, MST, na walikuwa wakielekea Curitiba kuandamana kudai mageuzi ya ardhi. Polisi wa jimbo waliyazuia mabasi kabla hayajaingia mjini. Watu wakashuka barabarani. Askari mmoja akafyatua risasi, ikagonga lami, ikaruka, ikampiga Antônio Tavares Pereira tumboni. Akafa. Wenzake wengi walijeruhiwa siku hiyo, na katika msafara ule walikuwamo pia watoto.

Tavares alikuwa na umri wa miaka 38 na watoto watano. Na alikuwa na shamba. Jambo hili napenda kulirudia, maana anayesikia habari yake kwa mara ya kwanza hudhani aliuawa akijitafutia ekari zake mwenyewe. Zake alikwisha kuzipata, huko Candói, kwenye makazi ya wakulima waliogawiwa ardhi. Angeweza kubaki nyumbani akapalilia. Alipanda basi kwa sababu walikuwako wengine ambao bado walikuwa chini ya mahema ya nailoni nyeusi kando ya barabara.

Kesi ya askari aliyefyatua ilipelekwa kwanza kwenye vyombo vya sheria vya kijeshi, maana polisi wa doria wa Brazil kwa jina na kwa muundo ni polisi wa kijeshi, na huko ikafungwa mwaka ule ule. Ilipojaribiwa tena katika mahakama ya kiraia, nayo ikasimamishwa njiani. Hakuna aliyewahi kutiwa hatiani. Kilichobaki mkononi mwa familia na wenzake ni mnara.

*

Madai ya wakulima wale yana mizizi mirefu. Mwaka 1850 una mambo mawili ambayo watoto wa Brazil hufundishwa kama habari mbili tofauti, nami naona ni habari moja. Tarehe 4 Septemba ya mwaka huo nchi ilipiga marufuku kuingiza watumwa kutoka Afrika. Siku 14 baadaye, tarehe 18 Septemba, ikatunga Sheria ya Ardhi, iliyosema kwamba tangu hapo ardhi ya umma haipatikani kwa kuikalia na kuilima. Inapatikana kwa kuinunua. Kabla ya hapo, enzi za Mreno, mfalme aliwagawia wakubwa maeneo ambayo mtu angeweza kuzunguka na farasi siku nzima asiyamalize. Sasa utumwa ulikuwa umeanza kuzama, na wenye mashamba waliona mbali: mtu atakapokuwa huru, ardhi iwe imefungwa. Utumwa ulipofutwa kabisa mwaka 1888, walioachiwa huru hawakupewa hata kishamba cha mboga. Miongoni mwao walikuwamo waliopakiwa melini kutoka Msumbiji, kwenye pwani hii hii ya Bahari ya Hindi, na watoto wa hao. Walitoka kwenye kibanda cha bwana wakiwa na mikono mitupu, wakarudi asubuhi kumwomba bwana yule yule kibarua.

Madhara yake bado yanahesabika. Sensa ya kilimo ya Brazil ya mwaka 2017 ilionyesha kwamba mashamba yenye ukubwa wa hekta 1,000 na kuendelea ni kama asilimia 1 tu ya mashamba yote, na yameshika karibu asilimia 48 ya eneo lote la kilimo.

Katiba ya mwaka 1988 iliweka njia ya kutokea. Inasema shamba lina kazi yake katika jamii, na lisipoitimiza, serikali yaweza kulitwaa kwa kulipa fidia na kuligawa. Kwenye karatasi ni neno zito. Ila serikali haitembei yenyewe kutafuta mashamba yaliyolala, lazima isukumwe. MST, iliyozaliwa Januari 1984 katika mji wa Cascavel, Paraná hiyo hiyo, ilijifunza kuisukuma kwa namna moja. Familia mia kadhaa huingia usiku kwenye shamba lisilolimwa, au hukaa ukingoni mwa barabara inayopakana nalo, na kufikia alfajiri zimekwisha simamisha mahema ya miti na nailoni nyeusi. Halafu zinangoja. Miaka miwili, mitano, mingine kumi. Watoto huzaliwa humo, shule hufunguliwa humo. Magazeti ya wenye mashamba huita tendo hilo uvamizi. Wao wenyewe hulikataa neno hilo kabisa na kusema wanakalia. Tofauti ya maneno hayo mawili imewagharimu watu maisha, na tutaihitaji tena tutakaporudi kwenye mnara.

*

Aliyeuchora mnara wa Campo Largo ni Oscar Niemeyer, na hapa pana jambo la kustaajabisha. Niemeyer ndiye mchoraji wa ikulu ya Brazil, wa bunge lake, wa mahakama yake kuu, wa kanisa kuu la Brasília lenye nguzo zinazofunguka juu kama vidole vya mtu anayeomba. Mkono uliochora nyumba za dola ndio huo huo uliowachorea watu waliouawa na askari wa dola. Alikuwa mkomunisti tangu mwaka 1945 na hakuwahi kulificha hilo; wakati wa utawala wa wanajeshi alilazimika kufanya kazi zake nyingi nje ya nchi. Alikufa Desemba 2012, zimebaki siku chache atimize miaka 105.

Wengi wanaijua sanamu yake ya São Paulo, iliyosimamishwa mwaka 1989 kwenye uwanja wa Ukumbusho wa Amerika ya Kilatini: mkono wa zege wenye urefu wa mita 7, umefunguliwa, vidole vimetanuliwa, na kiganjani imechorwa ramani ya bara hilo kwa rangi nyekundu, ikichuruzika kama damu kuelekea kifundoni. Ni kazi ambayo hata mtoto anaielewa asiposoma maandishi ya chini. Niemeyer aliamini kwamba zege, ambalo watu wengi huliona ni kitu cha madaraja na misingi ya nyumba, laweza kusema jambo moja kwa sauti kubwa. Nondo na saruji havina nafasi ya mapambo madogo madogo. Mchongaji wa mbao au wa jiwe hupunguza. Mmwagaji zege humwaga mara moja kwenye umbo, na kilichoganda kimeganda.

Mwaka huo huo wa 1989 alijifunza kwamba kilichoganda chaweza kulipuliwa. Novemba 1988, jeshi liliingia kwenye kiwanda cha chuma cha Volta Redonda kuvunja mgomo, likaua wafanyakazi watatu. Niemeyer aliwachorea mnara. Ulizinduliwa Mei Mosi 1989. Usiku wa kuamkia Mei 2 ukalipuliwa kwa bomu. Wengi wangejenga upya, wapige lipu, wapake rangi, ionekane kama halikutokea kitu. Niemeyer alitaka vipande vile vile visimamishwe tena na nyufa ziachwe zionekane. Hivyo ndivyo ulivyo hadi leo: anayeuona anakumbuka mauaji, kisha anakumbuka na bomu.

Wale walikuwa wafanyakazi wa kiwandani, na nimewataja kwa sababu Mei ile ilikuwa utangulizi wa yaliyowapata wakulima. Tuelekee kaskazini sasa, jimbo la Pará, kwenye msitu wa Amazoni.

*

Kuna shamba kubwa huko ambalo jina lake lilikuwa Fazenda Macaxeira. Nilipolikuta jina hilo nilisimama kidogo. Macaxeira ni muhogo. Ni neno la wenyeji wa Brazil kwa zao ambalo ni la kwao, kisha Mreno akalivusha bahari hadi kwetu, tukalifanya chakula chetu tukasahau lilikotoka. Kipande cha muhogo kinachochomwa jioni pale Forodhani, Unguja, kina babu yake huko. Familia zilizopiga kambi karibu na shamba lile katikati ya miaka ya 1990 zilitaka sehemu ya kulima vitu kama hivyo, na shamba lenyewe zilisema halilimwi.

Aprili 1996 ziliamua kwenda Belém, mji mkuu wa Pará, kwa miguu. Ni safari ya mamia ya kilomita. Walipofika mahali panapoitwa Kona ya S, karibu na Eldorado do Carajás, wakasimama na kuifunga barabara, wakadai mabasi na chakula. Alasiri ya tarehe 17 Aprili, polisi walifika kwa pande mbili, kikosi kimoja kutoka Marabá na kingine kutoka Parauapebas, umati ukiwa katikati. Watu 19 waliuawa papo hapo. Uchunguzi wa maiti ulionyesha kwamba baadhi walipigwa risasi kwa karibu sana, na wengine walikatwakatwa kwa zana zao wenyewe, mapanga na mundu walizotoka nazo kambini. Kati ya polisi zaidi ya 140 walioshtakiwa, waliotiwa hatiani ni makamanda wawili peke yao, na walianza kutumikia vifungo vyao mwaka 2012, miaka 16 baada ya mauaji.

Siku zile zile za mauaji, wawakilishi wa wakulima wa dunia walikuwa wakikutana Tlaxcala, Mexico, chini ya La Vía Campesina, umoja wa vyama vya wakulima wadogo. Habari ziliwafikia huko huko, na ndipo tarehe 17 Aprili ikawa siku ya kimataifa ya mapambano ya wakulima. MVIWATA, mtandao wa vikundi vya wakulima Tanzania, ni mwanachama wa umoja huo. Kwa hiyo tarehe ya kona ile ya barabara ya Pará imo pia katika kalenda ya wakulima wa Morogoro.

Niemeyer alichora mnara kwa ajili ya wafu wa Eldorado. Ulisimamishwa Marabá, mji mkubwa wa eneo hilo, Septemba 1996, miezi mitano baada ya mauaji. Haukudumu hata mwezi. Ulibomolewa.

Huenda mtu akasema ni zege tu, watajenga lingine. Mimi naona wabomoaji waliuelewa mnara kuliko watu wengi wanaozipita sanamu kila siku bila kuinua macho. Walijua kwamba maiti ikizikwa, mazungumzo yake huisha baada ya matanga, lakini kitu kilichosimama mjini mita kadhaa juu hulazimisha kila mgeni kuuliza: hiki ni nini? Na swali hilo likishaulizwa, lazima mtu ajibu.

Manusura hawakurudi kwenye zege. Mwaka 1999, wakishirikiana na msanii na mwalimu Dan Baron Cohen, aliyetokea Uingereza, walijenga kumbukumbu nyingine, safari hii pale pale Kona ya S, na walitumia miti ya castanheira.

Inabidi niueleze mti huu, kwa kuwa asiyeujua hataona uzito wa kazi yenyewe. Castanheira ndio mti unaozaa zile kokwa kubwa za pembe tatu ambazo dunia inaziita kokwa za Brazil. Hukua hadi mita 40 na zaidi, ukiupita msitu wote kwa kichwa, na huishi mamia ya miaka. Tunda lake ni gumu kuliko nazi, na hukaa mtini zaidi ya mwaka kabla ya kuanguka. Likianguka juu ya mtu laweza kumuua. Ndani mna kokwa kumi au ishirini, zimepangwa kama vipande vya chungwa. Mnyama mmoja mdogo, cutia, wa jamii ya panya, ndiye mwenye meno ya kulitoboa. Hula baadhi ya kokwa, nyingine huzifukia ale baadaye, akisahau zinaota. Ua lake nalo lina kifuniko kizito ambacho nyuki wadogo hawawezi kukiinua. Linahitaji nyuki wakubwa wa porini, na nyuki hao wanahitaji msitu. Kwa hiyo castanheira ni mti usioweza kuishi peke yake. Eneo la Marabá lilisifika kwa miti hiyo, na kwa vizazi vingi maskini wa huko waliishi kwa kuokota kokwa zake.

Kisha wakaja wafuga ng'ombe. Sheria inakataza kuikata castanheira, basi walipofyeka msitu kutengeneza malisho waliiacha imesimama. Ila malisho hutengenezwa kwa moto. Moto ukipita mara ya kwanza huunguza gome, ukipita mara ya pili na ya tatu mti hufa wima. Hata ule uliosalimika na moto hauna tena nyuki wa kuja kwenye maua yake. Ukipita kusini mashariki mwa Pará unaiona: majani mabichi ya malisho yametanda hadi upeo wa macho, na katikati yake nguzo nyeusi zimesimama, moja hapa, moja kule, kama watu waliosahauliwa na msafara.

Manusura walichukua magogo 19 ya miti hiyo iliyoungua, moja kwa kila aliyeuawa, wakayasimamisha ukingoni mwa barabara. Ukiyatazama kutoka juu, mpangilio wake unachora ramani ya Brazil.

Nimeitafakari kazi hii kwa muda mrefu, na nadhani ni kubwa kuliko ya Niemeyer, ingawa mchoraji yule namheshimu sana. Zege la Marabá lilikuja kutoka mjini, limechorwa na mzee wa Rio de Janeiro aliyekuwa amekaribia miaka 90. Magogo haya yalikuwa yamekwisha kufa kwa jambo lile lile lililowaua watu. Aliyechoma msitu kwa ajili ya ng'ombe na aliyetaka barabara isafishwe kwa ajili ya shamba lisilolimwa walikuwa upande mmoja. Mti na mtu wameuawa na uzio mmoja. Huhitaji kuandika hayo kwenye bamba la shaba. Yanaonekana kwenye gome lenyewe, jeusi, limepasuka. Na liko jambo la kikazi ambalo wachongaji watalipenda: zege ukilibomoa linakuwa kifusi, lakini gogo lililokwisha kuungua ukilichoma tena, umelifanyia nini?

Hadi leo, kila Aprili, vijana wa MST hupiga kambi pale kwa siku kadhaa. Hulala kwenye mahema ya nailoni, husoma, huimba, na alasiri ya tarehe 17 huifunga barabara kwa muda ili majina ya waliouawa yatajwe. Na Fazenda Macaxeira hatimaye ilitwaliwa na serikali ikagawiwa familia 690. Makazi yao yanaitwa 17 de Abril, yaani 17 Aprili.

*

Kwa hiyo Niemeyer alipowachorea MST mnara wa Antônio Tavares, akiwa na umri wa miaka 93, alikwisha kuona mmoja ukilipuliwa kwa bomu na mwingine ukibomolewa. Alichora tena zege. Nao ukajengwa Campo Largo, kwenye BR-277, mahali walipozuiwa.

Suala la mahali ndilo lililobeba kesi nzima. Mtu asiye na nia mbaya angeweza kuuliza: kwa nini usihamishwe ukawekwa kwenye bustani nzuri, penye nyasi na viti, wenye kiwanja wakapata kiwanja chao na wakulima wakabaki na mnara wao? Wakulima wa Mexico walijibu swali la namna hii zamani. Emiliano Zapata, aliyepigania ardhi ya vijiji vya Morelos, aliuawa kwa hila Chinameca tarehe 10 Aprili 1919 na watu wa serikali ya Venustiano Carranza, akazikwa Cuautla. Mwishoni mwa miaka ya 1970 serikali ilitaka kuihamisha mifupa yake ikalale Mexico City, ndani ya Mnara wa Mapinduzi, jengo kubwa la heshima ambamo Carranza mwenyewe amelazwa. Wazee waliopigana pamoja na Zapata, na wakulima wa Morelos, walikataa katakata. Mifupa ikabaki Cuautla, chini ya sanamu yake. Heshima ya kumlaza mtu jirani na aliyemuua hawakuihitaji.

Campo Largo hakuna mifupa, lakini hoja ni ndugu ya ile. Mnara ukiwa bustanini unasema: palikuwa na mtu aliyeitwa Tavares, akafa, tunasikitika. Ukiwa kwenye BR-277 unasema: hapa, kwenye lami hii, mabasi yalisimamishwa. Dereva wa lori la soya anaupita. Askari wa doria anaupita. Na mwenye shamba akienda mjini kwa gari lake anaupita pia, akitaka asitake.

Hukumu ya mwisho ilitolewa tarehe 16 Novemba 2023 na kutangazwa Machi 2024. Mahakama ya San José iliikuta Brazil na hatia ya kifo cha Tavares na ya majeruhi wa siku ile. Ilisema pia kwamba haki ya watu kukusanyika na kusema madai yao ilivunjwa, na kwamba kesi ya askari haikupaswa kupelekwa kwenye vyombo vya kijeshi. Iliamuru fidia, mafunzo kwa polisi na mabadiliko ya sheria, mambo ambayo hukumu za aina hii huwa nayo. Katikati ya maagizo hayo kuna moja ambalo nimelisoma mara nyingi. Linaitaka serikali ichukue hatua zote zinazofaa kuulinda mnara wa Antônio Tavares Pereira, na linaongeza: mahali ulipojengwa.

Wanasheria wa mali huenda wakakuna vichwa juu ya maneno hayo, maana majaji wa nchi ya mbali wameuambia mnara ukae kwenye kiwanja ambacho hati yake iko mikononi mwa mwingine. Wana MST wanaijua hali hiyo kwa jina lake. Ni vile walivyoishi wao chini ya nailoni nyeusi: huna hati, una sababu, na hubanduki. Wanapokusanyika chini ya mnara ule na bendera zao nyekundu, zenye picha ya mwanamume na mwanamke wanaochomoza kutoka kwenye ramani ya Brazil, panga likiwa limeinuliwa, wanakuwa wamesimama kwenye ardhi ya mtu. Na mita chache kutoka hapo malori yanapita, yakishuka kwenda Paranaguá.